Ruzuku ya mtaro wa majani na bustani ya mtaa inapatikanaje? Jamaa anataka laki nane atuandikie andiko

jirani_wa_bonde (Jumapili, 20:41)

Wakuu habari za jioni, naomba kwanza msinitanie maana hili jambo linaninyima usingizi. Nipo Tabata, Dar, mtaa wetu uko kwenye mteremko, juu kule nyumba zimebanana na kila mtu kasakafia uwanja wake mpaka kwenye geti, chini kuna kijito kinaenda kumwaga mto Msimbazi. Hapo katikati kuna eneo la wazi la mtaa, kama hatua arobaini kwa thelathini hivi, sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunacheza rede na mpira hapo, sasa hivi ni dampo, kifusi, pampasi, masinki yaliyovunjika, kila kitu. Mvua ikipiga nusu saa tu maji yanashuka yanapita hapo yanabeba ile takataka yote yanaipeleka kwenye nyumba sita za chini, na moja ni ya mama yangu. Masika ya 2024 tulimkuta kasimama juu ya meza ameshika redio.

Tuna kikundi, kilianza kama vikoba vya akina mama, baadae vijana wa bodaboda wakaingia, tupo 27. Wazo letu ni kusafisha lile eneo, tuchimbe mtaro mpana ule wa kupandwa majani sio wa zege, maji yapite taratibu, kuwe na bustani yenye bonde dogo la maji kutulia na kuzama ardhini, miti ya kivuli, mabembea mawili ya watoto na mabenchi. Niliona video ya mji fulani wamefanya hivyo nikasema mbona hata sisi tunaweza.

Sasa katokea jamaa anajiita konsaltanti. Anasema hela za mabadiliko ya tabianchi zimejaa huko nje wanakosa wa kumpa, tumpe laki nane aandike andiko la mradi la kuombea hela, na mzigo ukitoka achukue asilimia kumi yake. Mwenyekiti wetu kashalainika. Mi ndo mweka hazina nikagoma, hela yenyewe ya vikoba ni ya watu, nikaambiwa nazuia maendeleo.

Naombeni mnisaidie, hizi ruzuku zipo kweli? Kikundi kama chetu kinaombaje? Na ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayotengewa vikundi hatuwezi kuitumia?

---

mchokonozi (Jumapili, 21:03)

Konsaltanti wa laki nane, hahaha, huyo hata hilo eneo hajaliona nakuhakikishia.

Ila mkuu, bustani ya nini wakati watu wanaelea? Chongeni barua TARURA, wale wa barabara za mijini na vijijini, wawamwagie mtaro wa zege, maji yaende mtoni, mambo yaishe. Majani mtayapanda leo, kesho mbuzi wa jirani kala, keshokutwa dampo limerudi. Nchi hii mi naijua.

---

mzee_wa_kata (Jumapili, 22:17)

Jirani wa bonde, pole sana na mpe pole mama. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii kwenye kata miaka 28 mpaka nastaafu kwa hiyo nitakwambia kama nilivyokuwa nawaambia vikundi pale ofisini, na nitaandika kirefu, asiyetaka kusoma apite.

Kwanza usichanganye mkopo na ruzuku. Ile asilimia kumi ni mkopo. Hauna riba ndiyo, wanawake asilimia nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, ulisimamishwa 2023 ukarudi mwaka uliofuata, lakini ni mkopo na unarudishwa, kwa hiyo wanataka kuona biashara. Bustani hairudishi marejesho kila mwezi. Mkichukua mkopo kwa ajili ya bustani mtauza mabembea kulipa deni. Labda kama ndani ya hilo eneo mtakuwa na kitalu cha miche ya kuuza, hicho ndicho mnaweza kukiombea mkopo, lakini peke yake.

Ruzuku zipo, ni kweli, ila si hivyo anavyosema huyo jamaa. Inayofaa watu kama nyie ni ile programu ya ruzuku ndogo ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ipo duniani tangu 1992 na Tanzania tumo. Wanatoa kwa vikundi na asasi za kiraia, mtu binafsi hapana. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, lakini usiione hiyo ukaiandika hivyo hivyo! Vikundi vingi vinaangukia hapo, wanaanza na kikomo afu wanatafuta vitu vya kujazia. Andikeni kinachohitajika, kama ni milioni kumi na mbili iwe milioni kumi na mbili. Na kuomba ni bure. Hakuna fomu inayolipiwa. Wana utaratibu hata wa kukipa kikundi kihela kidogo cha kuandaa andiko lenyewe kama wazo limewavutia, sasa huyo wa laki nane anauza kitu gani?

Kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, huu upo kwa sheria ya misitu ya 2002, nao unatoa ruzuku kwa vikundi, upande wa miti mnaweza kujaribu. Halafu kuna balozi, Kanada wana mfuko wa miradi midogo ya wenyeji, Japani wana wao. Wanatangaza kwa msimu na dirisha linafungwa haraka, mkisubiri kuandaa nyaraka baada ya tangazo mmechelewa.

Nyaraka ndiyo kazi yenyewe. Cheti cha usajili wa kikundi, na kama hamjasajiliwa rasmi nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kesho asubuhi, si keshokutwa. Katiba ya kikundi iliyosainiwa. Akaunti ya benki yenye watia saini watatu (si namba ya simu ya mwenyekiti). Mihtasari ya vikao yenye mahudhurio, na hapa ndipo vikoba mnawashinda wengine wote maana mnakutana kila wiki na daftari mnalo. Ulishawahi kuona daftari la vikoba linavyoandikwa? Kuna mashirika makubwa mjini hayana hesabu safi kama ile.

Na la mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu. HILO ENEO NI LA NANI. Unasema la mtaa. Mtaa haumiliki ardhi. Eneo la wazi lipo chini ya halmashauri, na nyie Tabata mpo Ilala ambayo tangu 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Nendeni mipango miji muone kwenye mchoro limeandikwa nini. Nimeona kikundi kimepanda miti 60, imeshika vizuri, akaja mtu na hati mkononi. Mfadhili akiuliza kitu cha kwanza atauliza hicho, barua ya halmashauri inayowaruhusu kulitumia na kwa muda gani. Bila hiyo barua andiko hata liwe limeandikwa na malaika litawekwa pembeni.

Hapo hapo muulize na umbali wa kijito. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Miti na majani hamtagombana na mtu, ila mkiweka kibanda au choo cha matofali ndani ya hizo mita mjue mnatafuta matatizo.

---

fundi_kokoto (Jumatatu, 06:52)

Shikamoo mzee wa kata, umemaliza ya ofisini ngoja niongelee ya matope.

Mchokonozi mi kazi yangu ni mitaro, zege nimelimwaga mpaka mgongo umepinda kwa hiyo silichukii zege ndo linalonilisha. Ila nikwambie zege linafanya nini. Linachukua maji yaliyokuwa yanatembea linayafanya yakimbie. Ya kwako yanaondoka haraka, sawa, ila yanamfikia wa chini yote kwa mpigo mmoja. Mto Ng'ombe umejengewa zege kwenye ule mradi wa DMDP wa Benki ya Dunia wa kuboresha miundombinu ya Dar, kule ilibidi, ni mto, maji ni mengi na nyumba zipo pembeni kabisa huwezi kupanda majani ukategemea yahimili. Lakini kimtaro cha uchochoroni juu ya mteremko sio mto. Pale unataka maji yachelewe. Kila lita inayochelewa juu haipo kwenye mlango wa mama yake jirani saa ile mvua imekolea.

Sasa dada (au kaka, samahani) kabla hujaandika hata neno moja piga hesabu, maana wafadhili wanapenda namba na we mwenyewe unatakiwa ujue kama unachotaka kinawezekana. Mvua milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Basi, hiyo tu. Hesabu nyumba zinazomwaga maji kwenye hilo eneo. Tuseme 15, kila bati mita 80 za mraba, hapo 1,200. Mvua ya milimita 30, ambayo kwa masika yetu ni mvua ya kawaida sana, inakupa lita 36,000. Hayo ni simtanki 36 za lita elfu moja, na ni mabati tu hujaweka viwanja vilivyosakafiwa na barabara.

Ukichimba bonde la bustani mita 10 kwa 6, kina sentimita 30, linabeba lita 18,000. Nusu. Kwa hiyo ukimwambia mfadhili "tutamaliza mafuriko" umedanganya na fundi wao akija na kikokotoo chake anawatoa. Mwambie tutapunguza, na nusu nyingine uiweke njia yake ya kutokea, lazima pawe na sehemu ya chini kidogo imepangwa mawe maji yakizidi yatokee pale yaende kwenye mtaro, yasichague yenyewe maana maji yakichagua yanachagua mlango wa mtu. Unaweza pia kupunguza kabla hayajafika, nyumba hata tano za juu zikiweka gata za kukinga maji ya bati na simtanki hayo ni maji ya kufulia na hayashuki kwako.

Jaribio la udongo, ni la bure. Chimba shimo la kina cha mguu mmoja hivi, jaza maji, yaache yazame yote, jaza tena, choma kijiti chenye alama, angalia saa. Ukikuta kwa saa zima yameshuka chini ya sentimita moja, hapo pana mfinyanzi au maji ya chini yapo karibu, bustani ya kuzamisha maji haifai, utakuwa umejenga bwawa la mbu. Maji yakisimama zaidi ya siku mbili tatu ushaanza kufuga, mbu anahitaji wiki hivi tu kutoka yai mpaka kuruka na hili jiji homa ya dengi tunaijua, 2019 ilitunyoosha. Chimbeni mashimo matatu sehemu tofauti, na mfanye wakati wa mvua sio mwezi wa tisa ardhi imekauka inakunywa kila kitu inakudanganya.

Kaeni mbali na mashimo ya vyoo. Hili watu wanalisahau kabisa. Ukizamisha maji ya mvua karibu na shimo la choo unalijaza, linafurika, bustani inakuwa kitu kingine.

Majani, kwenye mteremko wa mtaro weka vetiva, mizizi yake inaenda chini kama mita mbili au tatu, inashika udongo hata maji yakipita kwa nguvu, na mbuzi hawaipendi sana ikishakomaa. Chini kwenye sakafu ya mtaro ukoka unatosha. Penye unyevu magimbi yanakubali vizuri ila watu watachimba wale, na kama maji yanapitia dampo usiruhusu mtu ale. Kivuli weka mti wa mkungu.

---

jirani_wa_bonde (Jumatatu, 13:30)

Shikamoo mzee, na fundi asante, ni dada 😅

Jamani nimesoma hapa kazini mpaka bosi kanipita nyuma mara mbili. Ile hesabu ya lita 36,000 nimeirudia kwenye karatasi nikashtuka, maana sisi tulikuwa tunafikiria kishimo cha kukaa bata. Na habari ya eneo ni la nani kusema ukweli sijui. Mwenyekiti wa mtaa anasema la mtaa, mzee mmoja wa juu anasema aliachiwa na marehemu kaka yake, na kuna nguzo moja ya zege hapo pembeni hakuna anayejua aliichimbia nani.

Swali, mbona kuna ule mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi? Tusingeingia humo tu?

---

mchokonozi (Jumatatu, 13:58)

Ule mradi una mabilioni dada, sio wa kikundi. Benki ya Dunia walipitisha dola milioni 200 mwaka 2022, Wahispania na Waholanzi wakaongezea, na ni wa serikali, kupanua mto, daraja la Jangwani, bustani kubwa ya jiji kule chini. Hakuna dirisha la kupeleka barua yako. Ila kuna kitu nitakusaidia japo mzee ananiona mkorofi, nenda kaulize kama hicho kipande chenu kipo ndani ya mipaka ya mradi. Kama kipo, usihangaike kupanda kitu, kijiko cha kuchimbia kitapita. Na kama hakipo basi andika kwenye andiko lako kwamba maji yenu yanashuka kule, mnapunguza tope na takataka zinazoenda kuziba kazi ya mabilioni. Hapo umewashika.

Fundi nimekuelewa kuhusu zege. Nusu.

---

mzee_wa_kata (Jumatatu, 14:20)

Marahaba wote. Mchokonozi umeongea jambo la maana, nimeandika tarehe.

---

nyuma_ya_dam (Jumatatu, 19:46)

Sasa mimi niko huku Kenya, Kibra, Nairobi, nimeona hii thread nikasema lazima niongee kwa sababu haya yote tumeyapitia. Huku kuna shirika linaitwa Kounkuey Design Initiative, watu huliita KDI tu, walianza kazi Kibra 2006 kando ya mto Ngong, mahali palikuwa jalala kabisa, na leo kuna sehemu zaidi ya kumi za umma zimejengwa na vikundi vya wenyeji. Si bustani ya maua ya kuangalia. Ukienda unapata gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) za kuzuia ukingo usiliwe na mto, mtaro, mahali pa watoto kucheza, halafu kuna choo cha kulipia, bomba la maji, mahali pa kufua, ukumbi mdogo. Nataka mshike hapo kwa choo na maji. Hiyo shilingi ya choo ndiyo hulipa mtu wa kufagia.

Hicho ndicho kitu karibu kila kikundi hakiandiki. Ruzuku inalipa kuchimba, inalipa mawe, inalipa miche na fulana zenye logo. Hailipi kuzoa taka mwezi wa kumi na nne. Kuna shirika lingine lilikuja upande wetu (halihusiani na hao niliowataja, na jina nitaliacha), likatuchimbia mtaro mzuri wa majani, likapiga picha, hafla, soda, MCA, yaani diwani wetu, akaongea saa nzima. Mwaka uliofuata mtaro umejaa chupa za plastiki, maji yakapanda juu yake yakaingia kwa nyumba ambazo zamani hayakuwa yanaingia! Watu wakatulaumu sisi kikundi, si shirika, shirika lilikuwa limeshaenda. Tulikaa jumamosi nne tukichota matope kwa karai.

Kwa hivyo jiulizeni hela ya kila mwezi inatoka wapi. Chama chenu kina watu 27, hata kila mmoja akitoa elfu moja yenu hiyo ni elfu 27, inalipa kijana wa kusafisha mara moja au mbili kwa mwezi wakati wa mvua? Kama haitoshi wekeni kitu cha kuuza hapo. Mzee amesema kitalu, mimi nasema pia maji, viti vya kukodisha kwa harusi, chochote, lakini kiwe ndani ya andiko tangu mwanzo na si nyongeza.

Huku kwetu siku hizi kuna njia nyingine, pesa ya tabianchi inapitia kaunti mpaka kwa kamati ya wadi, wananchi wanakaa wanasema tunataka hiki, ule mpango wa FLLoCA. Ni polepole na siasa haikosi lakini angalau unajua mlango ni upi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 watu wanaoishi karibu na mto walibomolewa, mita 30 huku na 30 huku, Mathare na Mukuru waliumia sana. Kwa hivyo mkitaja neno "ukingo wa mto" kwa andiko lenu muwe makini sana, msije mkawa nyinyi ndio mmeleta tingatinga kwa mama yako.

---

jirani_wa_bonde (Jumatatu, 20:15)

Hiyo ya tingatinga imenichoma, asante kaka. Sikuwa nimewaza kabisa. Nyumba ya mama ipo mita ngapi na kijito sijawahi kupima, na sasa naogopa kupima.

---

mbongo_philly (Jumanne, 03:11)

Salaam kutoka Philadelphia, samahani saa zetu ni tofauti.

Nimeona dada umesema uliona video ya mji fulani, huenda ni huku maana hawa jamaa ndo wamejaza mtandao. Acha nieleze inavyokwenda ili mtu asije akakuuzia ndoto. Mji huu asilimia kama 60 una mabomba ya zamani ambayo maji ya vyooni na ya mvua yanapita bomba moja. Mvua ikizidi bomba linajaa linatapika mtoni, kinyesi na vyote. Serikali ikawabana, wakapiga hesabu ya kuchimba matanki na mahandaki makubwa chini ya ardhi wakaona watafilisika, 2011 wakaanza mpango wa miaka 25 wa kutumia bustani, miti, mitaro ya majani, lami inayopitisha maji.

Hela inatoka wapi? Hapa ndo mtafurahi. Inatoka kwenye bili ya maji. Tangu 2010 walianza kuwatoza wenye majengo ya biashara, makanisa, misikiti, maghala, kulingana na ukubwa wa eneo lao lisilopitisha maji. Yaani wanapiga picha ya juu wanapima paa na lami yako, ukiwa na paking kubwa unalipa kubwa hata kama bomba lako hulifungui. Msikiti tunaoswali una paking ya magari mia hivi, bili ilipanda watu wakafikiri kuna bomba limepasuka. Ukichimba bustani ya mvua bili inapunguzwa, na idara ya maji inatoa ruzuku ya kuijenga, ila wanapanga waombaji kwa gharama, nani anazuia maji mengi kwa hela ndogo. Na unasaini mkataba wa kuitunza miaka mingi, wanakuja kukagua. Ruzuku yao nayo haikulipii kung'oa magugu, kwa hiyo yule wa Kibra kasema kweli hata kwa matajiri.

Kwa hiyo hela ya huku haivuki bahari, wanazuia maji ya mji wao wenyewe. Mtu akikwambia kuna ruzuku ya Marekani ya bustani za mvua Tabata muulize jina la mfuko na ukurasa wake, akianza kukwepa funga simu. Kuna mwenzetu hapa alitumiwa andiko la kikundi cha nyumbani aangalie kiingereza, likawa limenakiliwa toka mradi wa huku mpaka sehemu ya kuyeyusha theluji wameiacha.

---

fundi_kokoto (Jumanne, 07:05)

Theluji Tabata 😂😂 nimecheka mpaka saruji imeanza kukauka kwenye ndoo.

---

mama_wa_miche (Jumanne, 09:40)

Dada mi naongea kifupi nina wateja. Kikundi chetu kilishapata ruzuku mara moja, sio ya mvua ila ya miti, hela haikuja yote, ilikuja kwa awamu tatu na awamu ya pili hawakutoa mpaka wameona risiti za ya kwanza. Risiti ya fundi wa mtaani hana mashine tulihangaika nazo sana. Kwa hiyo mwanzoni kabisa ulizeni malipo ya watu wasio na risiti ya mashine yanathibitishwaje, wengine wanakubali orodha yenye saini na namba ya simu.

Na nguvu zenu ziandikeni. Wanataka kuona na nyie mmechangia, sio lazima hela. Siku moja ya kuzoa kifusi kwa watu 27 ni siku 27 za kazi, ziwekeeni bei ya kibarua wa mtaani kwenu, muone mchango wenu unavyokuwa mkubwa. Karatasi ya mahudhurio siku hiyo iwepo. Picha za kabla mpige SASA na dampo likiwa vile vile, mkishasafisha mmepoteza ushahidi.

---

jirani_wa_bonde (Alhamisi ya wiki iliyofuata, 21:22)

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Kwanza konsaltanti tumeachana naye. Nilimuuliza kwenye kikao mbele ya watu, jina la mfuko ni lipi na mwisho wa kutuma ni lini. Akasema ni siri ya kazi. Bibi mmoja wa kikundi akamwambia baba hata mganga anakutajia jina la dawa. Kikao kiliisha hapo.

Pili, mipango miji nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa anayehusika katoka, mara ya pili nilimkuta na alinisikiliza vizuri tu. Kwenye mchoro limeandikwa eneo la wazi kweli, yule mzee hana chake na nguzo ile bado haina mwenyewe. Kuhusu mradi wa Msimbazi kaniambia eneo letu halimo ila nilete barua ya mtaa na mchoro wa tunachotaka kufanya ndo waangalie habari ya kutupa kibali. Kwa hiyo huo mchoro ndo nautafuta sasa hivi.

Tatu, tumepima. Kutoka ukingo wa kijito mpaka pale tunapotaka bustani ni hatua 90 na kitu, nyumba ya mama ni hatua 70, nimepima mara tatu na miguu tofauti tofauti 😅. Kwenye andiko tutaongelea maji yanayoshuka kutoka juu, ukingo hatuutaji kama hatujaulizwa.

Mashimo matatu tulichimba Jumamosi na vijana. Mawili ya juu maji yalishuka vizuri, moja sentimita nne kwa saa, lingine tano. La chini karibu na ukuta halikushuka kitu, nimeenda tena Jumapili baada ya ibada nimekuta maji bado yapo na chura ndani. Fundi hapo ina maana gani, tusogeze bonde juu?

---

fundi_kokoto (Alhamisi, 22:10)

Sogeza juu ndiyo, chura kashakupa ripoti. Hapo chini weka miti inayopenda maji na mabenchi, usichimbe. Lile shimo lifukieni kesho asije mtoto akatumbukia.

Mchoro usilipe mtu, nitumie vipimo vya hatua na picha, upande upi ni juu upande upi ni chini, na uniwekee alama vyoo vya majirani vyote vilipo, hata vile wanavyovificha. Nitachora kwa mkono kwenye karatasi ya mraba mraba, ofisi wanapokea. Ila sitaki mabembea chini ya nyaya za umeme, angalia juu kabla hujanitumia.

---

jirani_wa_bonde (Alhamisi, 22:31)

Nimeangalia juu. Waya upo 🙈 natuma kesho na mabembea yamehama.